Mistari Minne ya Chini

Kabla hata hajateremka garini, Vishalakshi alisikia harufu ya rangi ya mafuta ikimkaa kooni. Kijiji kizima cha Honnekatte kilikuwa kimepakwa nyekundu na njano: nguzo za shule, vigogo vya minazi, ukingo wa kisima, mpaka pembe za ng'ombe. Mbwa koko mmoja alipita amefungwa kitambaa cha bendera shingoni, anajikuna kwa hasira. Novemba ikiingia, mwezi wa sikukuu ya jimbo, mapenzi ya Kikannada, lugha yao, huwapanda watu kichwani kama homa, wakapiga kelele mwezi mzima, na Desemba wakaamka wamepona kabisa. Vishalakshi alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni na sasa ana miaka sabini na mmoja. Hakuja kwa ajili ya kelele. Alikuja kwa ajili ya mistari minne.

Kazi yake yote ilikuwa kusoma maandishi ya kwenye mawe. Mwaka 1984, akiwa mtumishi kijana wa idara ya mambo ya kale, alifika hapa kwa baiskeli akalikuta jiwe kando ya bwawa. Lilimfika kifuani. Juu alichongwa mtu mwenye upinde, mbele yake ng'ombe watatu, na chini ya ng'ombe yakaanza maandishi. Aliliosha, akabandika karatasi mbichi, akaigongagonga kwa brashi ngumu mpaka ikazama ndani ya kila herufi, akapaka wino wa masizi, akaibandua. Zikatoka herufi nyeupe kwenye weusi, mistari tisa, Kikannada cha miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Ilisema mchunga kondoo aitwaye Kaliga aliwafuata wezi wa ng'ombe peke yake, akawarudisha ng'ombe wa kijiji, akafa. Ikasema kwamba jiwe hili limesimamishwa kwa ajili yake na... Hapo ardhi ikaanza. Jina la aliyelisimamisha lilikuwa chini ya udongo. Vishalakshi alichomeka chuma kando ya jiwe, akapapasa kwa ncha, akahesabu mistari minne iliyobaki.

Aliomba ruhusa achimbe. Wenye jiwe walikataa. Hao walikuwa ukoo wa wachunga kondoo waliolipaka mafuta kila Jumatatu bila kujua limeandikwa nini, na siku ile aliyewasemea alikuwa mwanamke mmoja kijana jina lake Hanumavva, aliyesimama mbele ya jiwe mikono kiunoni.

"Miguu yake iko humo chini, akka," alimwambia, akimwita dada. "Wewe ukiwa umelala, utapenda nije nikufunue miguu?"

Vishalakshi alicheka, akakunja karatasi yake. Kila alipopita upande huu aliuliza tena, na kila mara alijibiwa vilevile na kupewa maziwa ya mgando. Miaka thelathini na minane ikapita namna hiyo. Alistaafu, mume akafariki, macho yakaanza kumsumbua, na mara nyingine alfajiri alijikuta akijaribu majina kimyakimya: mama yake? Mkewe? Mfalme gani? Hakutaka kufa bila kulijua jina lile.

Halafu wiki iliyopita simu ikalia.

"Amma, mwaka huu zamu yako!" Aliyemwita mama hivyo alikuwa Rudresh, mwenye yadi ya kukata mawe na mwenyekiti wa Chama cha Wana wa Mama Kannada. "Tunakuheshimu! Shali, kilemba, kapu la matunda, kila kitu. Na lile jiwe lako tumeling'oa lote."

"Lote? Na sehemu ya chini?"

"Lote, amma, mpaka mzizi! Serikali ya Delhi yenyewe imekubali kwamba Kikannada ni lugha ya kale, halafu ushahidi wake umelala kwenye matope ya bwawa? Aibu gani hiyo! Tumelijengea jukwaa la saruji mbele ya shule."

"Hanumavva kakubali?"

"Ah, ajji yule, bibi kizee! Atazoea tu."

Hapo angepaswa kushtuka. Badala yake alinunua karatasi mpya, akasaga masizi, akasafisha brashi yake ya zamani kwa furaha ya msichana anayesubiri posa. Baadaye alijilaumu sana kwa furaha ile.

Rudresh alimpokea mlangoni mwa gari, skafu ya bendera shingoni, viatu vyeupe pepepe, huku akiwafokea wanawe kwa Kiingereza wakae mbali na keki. Akamshika mkono mpaka kwenye jukwaa, akavuta pazia.

"Haya! Sema mwenyewe!"

Jiwe liling'aa kama kioo cha kinyozi. Mtu wa upinde hakuwapo. Ng'ombe hawakuwapo. Mahali pao pamepakwa picha ya Mama Kannada, lugha yao katika umbo la mungu wa kike, mashavu ya waridi, macho kila moja linatazama njia yake. Chini yake kulichongwa herufi mpya zilizojazwa rangi ya dhahabu: KIKANNADA, LUGHA YA KALE, FAHARI YETU YA MIAKA ELFU MBILI. Chini zaidi, majina kumi na moja ya wanakamati, la Rudresh juu kabisa, na mwisho namba ya simu ya yadi.

Vishalakshi alipitisha kiganja. Kiliteleza mpaka chini bila kukutana na kitu.

"Herufi ziko wapi?"

"Herufi zipi, amma?"

"Zilizokuwapo."

"Ile mikwaruzo?" Rudresh akacheka kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Ilikuwa imechakaa. Nani anaisoma ile?"

"Mimi."

"Basi sasa hata miwani huhitaji! Mashine yangu ya kung'arisha imetoka Italia. Siku mbili tu, juu, chini, ikawa kama sakafu ya hoteli. Na sikuwatoza hata kidogo, ni mapenzi tu."

Vishalakshi aliondoa kiganja kwenye jiwe. Wezi wa mawe aliwahi kuwaona, waliovunja kutafuta hazina aliwahi kuwashtaki, na hao wote aliweza kuwachukia bila shida. Huyu alisimama akisubiri pongezi. Ndiyo kinyaa chenyewe kilichomshika, kinyaa cha mtu anayebusiwa na mdomo mchafu na hawezi kujipangusa.

"Kimo hiki ni kilekile kilichokuwa juu ya ardhi," alisema polepole. "Sehemu ya chini iko wapi?"

"Lilikuwa refu mno. Tukakata hivi." Rudresh akaonyesha kwenye goti lake. "Kipande kile kilikuwa udongo mtupu."

"Nauliza kiko wapi."

"Mafundi ndio wanajua. Kifusi kile, amma! Twende, mgeni rasmi, mheshimiwa, amefika."

Alipandishwa jukwaani kabla hajatafuta pa kushika. Kilemba kikawekwa kichwani mwake, kikubwa, kikamshuka mpaka nyusi. Shali ya hariri bandia ikafungwa mabegani, shada la maua likamkwaruza shingo. Mshereheshaji, binti mrembo aitwaye Sinchana, alisifu utamu wa Kikannada kwa sauti ya kutetemeka, na Vishalakshi aliyekuwa karibu naye akachungulia simu aliyokuwa akiisoma. Maneno yote ya Kikannada yalikuwa yameandikwa kwa herufi za Kiingereza. Binti hakuweza kusoma zile za Kikannada.

Kisha mheshimiwa akasimama akazungumza karibu saa nzima. Alipiga kifua. Alisema atakayeigusa lugha hii atamgusa yeye. Alisema damu yake ikimwagika itaandika Kikannada. Watu wakapiga miluzi, bendera zikapepea, na mahali fulani kwenye hotuba ile alilitaja jiwe kuwa "mama wa mawe yote", akaligeukia akalisalimu kwa mikono miwili. Vishalakshi alitazama mbele. Vikombe vitatu vya kahawa alivyokunywa ili asitukane vilikuwa vimeshuka, na kisukari chake hakingoji mtu. Akainuka, akachukua mfuko wake wa vifaa kwa mazoea tu, akashuka kwa nyuma.

Chini ya ngazi alimkuta Hanumavva ameketi kwenye tofali, chupa ya mafuta ya karanga mapajani. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote.

"Wamenifukuza, akka," alisema. "Wanasema mafuta yataharibu mng'aro. Leo Jumatatu." Akakaza kizibo cha chupa. "Uliniomba kwa adabu miaka yote nikakukatalia. Hawa hawakuniomba, na wamemkata miguu."

"Wameipeleka wapi?"

"Nimemwuliza fundi. Akacheka tu, akaniambia, ajji, we ukibanwa utaiona."

Vishalakshi hakuelewa, na haja ilimzidi. Wakaenda pamoja nyuma ya shule, kilipojengwa choo cha wageni waalikwa kwa maturubai ya buluu. Hanumavva alibaki nje. Ndani palinuka vibaya kuliko zizi. Asubuhi nzima wamepita humo madiwani, wapiga ngoma, maofisa, dereva wa mheshimiwa, na wengi wao hawakulenga. Tundu lilikuwa katikati, na mbele yake limelazwa bamba moja la jiwe pana la kusimamia. Vishalakshi alijisaidia huku ameziba pua kwa shada la maua. Alipoinuka akatazama pa kuweka mguu asichafuke, na pembeni ya ndala yake ya kushoto akaona mviringo uliochongwa, na mkia mdogo umepinda kuelekea juu.

Aliujua ule mkia. Aliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wa mama yake.

Akainua mguu. Chini ya mguu palikuwa na herufi nyingine. Mafundi walikuwa wamelaza upande laini chini na upande wa maandishi juu, kwa sababu za busara kabisa: wenye mikwaruzo hautelezi.

Alitapika. Alitapikia ndani ya tundu, kahawa yote ya vikombe vitatu, akiwa ameshika turubai, na kilichomtapisha zaidi ni kwamba na yeye alikuwa amesimama juu yake.

"Akka?" aliita Hanumavva. "Akka, vipi?"

"Miguu yake iko huku."

Hanumavva alifunua turubai akatazama. Alivua ndala zake akaziacha nje, kama mtu anavyoziacha mlangoni pa hekalu, akaingia peku ndani ya uchafu ule. Vishalakshi akamwona, akaona haya, akavua zake.

"Maji," alisema. "Ndoo zote za kunawia."

Walimwaga ndoo nne. Mfereji wa kila herufi ulikuwa umejaa, na brashi ilikuwa ya kugongea karatasi, si ya kusugulia, ingeharibika. Vishalakshi alivua ile shali ya heshima, akaikunja, akapiga magoti juu ya kile asichotaka kukijua, akasugua. Hariri bandia inasugua vizuri, hilo alilikiri. Hanumavva alichokoa herufi kwa kipini cha nywele, moja baada ya nyingine, akinong'ona, "Samahani baba, samahani baba." Huko nje kipaza sauti kilikuwa kikitangaza kwamba Kikannada kimejaa harufu ya msandali.

"Nani humo?" ilisikika sauti ya mwanamume nje ya turubai. "Mnamaliza lini?"

"Kajisaidie kwenye yadi ya Rudresh, mwanangu!" Hanumavva akajibu bila kuinua kichwa. "Kule kuna mng'aro!"

Vishalakshi akalaza karatasi mbichi juu ya jiwe. Aligonga kwa brashi, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyogonga maisha yake yote. Jua la saa sita lilipenya kwenye turubai likaikausha. Akapaka masizi. Jina lake likaitwa kwenye kipaza sauti, likaitwa tena, likaitwa mara ya tatu pamoja na vyeo alivyokuwa navyo na asivyokuwa navyo. Hakugeuka. Alibandua karatasi kwa ncha za vidole, akasimama nayo mlangoni penye mwanga, akasoma kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha akakaa chini hapohapo kwenye majani.

"Dada yake," alisema.

"Nani?"

"Aliyelisimamisha. Si mfalme. Dada yake, Nagiyabbe, aliyekuwa akichunga naye. Alitoa bangili zake, mchongaji akalipwa."

Hanumavva alilirudia jina lile mara mbili, taratibu, akalijaribu mdomoni. Halafu akafungua chupa yake, akarudi ndani, akalipaka jiwe mafuta lilipolala, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu.

Vishalakshi alipanda jukwaani peku, bila shali, kilemba amekiacha hajui wapi, sari imelowa mpaka magotini na vidole vyeusi kwa masizi. Safu ya mbele ilijisogeza nyuma kidogo, na mheshimiwa akapitisha leso puani. Rudresh akacheka kwenye kipaza sauti.

"Wasomi wetu bwana! Hata siku ya kuheshimiwa anafanya kazi! Amma, tupe maneno mawili ya baraka."

Akakishika kipaza sauti. Hakuwa na hotuba. Akafungua karatasi, akasoma mistari minne kama ilivyochongwa, Kikannada cha kale chenyewe, kizito na cha polepole, na uwanja wote ukatega masikio. Alisoma jina la dada, alisoma bangili, alisoma jina la mchongaji. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili.

Uwanja ukalipuka. Walipiga miluzi, wakarusha maua, wapiga ngoma wakaanza wenyewe bila kuambiwa. Mheshimiwa aliinuka kupiga makofi, wengine wote wa meza kuu wakainuka naye. Sinchana alikuwa na machozi. Hakuna hata mmoja aliyeelewa neno, na Vishalakshi aliwatazama wakishangilia.

Rudresh alikuwa amekumbatia kipaza sauti cha pili.

"Mmesikia? Asali tupu! Amma, huo mstari wa mwisho nimeupenda mno, naenda kuuchonga kwa dhahabu kwenye geti la yadi yangu! Waambie na wananchi maana yake."

"Unasema hivi," alisema Vishalakshi kwa Kikannada cha sokoni, kila mtu asikie. "Atakayeliharibu jiwe hili azaliwe funza, na aishi ndani ya kinyesi miaka elfu sitini."

Mpiga ngoma mmoja aliendelea kidogo peke yake, akaacha.

"Si... si kweli, amma," alisema Rudresh, tabasamu lake bado liko usoni, halijapata pa kwenda. "Sisi tumelitazama jiwe lote. Hiyo imeandikwa wapi?"

"Chooni. Kwenye lile bamba mnalosimamia msiteleze."

Meza kuu yote ilikuwa bado imesimama kwa ajili ya makofi. Mheshimiwa ndiye aliyeanza kutazama chini, kisha diwani aliye pembeni yake, kisha safu nzima, mmoja baada ya mwingine. Rudresh alikuwa wa mwisho. Aliinua kiatu chake cheupe, akashika meza asianguke, akakipindua akatazama soli.